Mwalimu Mabruka Zidi, Aliyeambiwa Athibitishe Kwamba Yu Hai

Ndugu, majirani na walimu mliofika leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, siku ya arobaini, familia imemtuma Lazhar, mdogo wa marehemu, asome haya, na imemkataza kupunguza makali.

Mabruka binti Salah Zidi alizaliwa tarehe 2 Novemba 1966 huko Metlaoui, mji wa migodi, mtoto wa tatu wa mchimba fosfeti, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza sekondari Gafsa mwaka 1986, na chuo kikuu Tunis mwaka 1990, kisha Septemba 1991 akaanza kufundisha Kiarabu. Tarehe 7 Agosti 1994 aliolewa na Hedi Brahmi, fundi wa reli, wakajaaliwa watoto wawili, Rim na Skander, ambao hawakuwahi kuleta habari mezani bila mama yao kuwauliza, "Nani kasema, na yeye kaionea wapi?"

Mwaka 2013 ilisambazwa kwenye simu picha ya uongo kwamba maji ya shule yake yametiwa sumu, wanafunzi wakakanyagana mlangoni, msichana mmoja akavunjika nyonga, na Mabruka akaapa kwamba watoto watafundishwa kupima habari kabla ya kuzitawanya. Aliandaa masomo, akawaunganisha walimu wa shule sita wakawa wanatembeleana madarasani na kukosoana, na kwa miaka kumi na moja aliomba jambo moja tu, walimu hao wapewe siku moja rasmi ya mafunzo, lakini ofisi moja ya elimu, ambayo familia imekataa kuitaja, ilimjibu kila mwaka, "Mama, vuta subira," huku masomo yake yakisomwa kwenye makongamano ya hotelini na watu wasiowahi kushika chaki.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Hatimaye siku ya mafunzo ikapangwa, tarehe 26 Aprili 2025, yeye akiwa mkufunzi. Tarehe 3 Aprili mtu asiyejulikana aliandika mtandaoni kwamba amefariki, na ofisi hiyo hiyo, yenye kitengo kizima cha kufundisha watu kuhakiki habari, haikupiga hata simu moja, ikatoa rambirambi yenye picha yake na kufuta mafunzo. Tuna hasira, na hatuoni haya kusema.

Mabruka alipiga simu mwenyewe, akasema, "Mimi ndiye huyo marehemu wenu, naomba siku yangu," akaambiwa alete cheti cha uhai kutoka manispaa, Hedi akamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka huko, cheti kikapelekwa, jibu likaja kwamba orodha ya mafunzo imeshafungwa.

"Basi waje nyumbani," akasema, "chakula cha kuskusi hakijafutwa."

Tarehe ile ile 26 Aprili walimu kumi na tisa waliacha vipindi vya Jumamosi, wakaketi uani, naye akawafundisha kwa saa tatu nzima akiwa amejilaza godoroni, akiwakemea walioandika bila kuuliza. Alifariki tarehe 5 Mei 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, na walimu wenzake waliombeba. Rambirambi ya pili ya ofisi tumeirudisha.

Walimu wale kumi na tisa wameandikiwa na ofisi hiyo barua za utoro, wanatakiwa kujieleza Jumatatu saa mbili asubuhi, na ukoo mzima wa Zidi utakuwa mlangoni pamoja nao.

Pumzika kwa amani, Mabruka, sisi bado tuna kazi.