Historia ya Marehemu Uentabo, Msomi wa Gharika

Wazee mlioketi kila mmoja mahali pa ukoo wake, ndugu mliokuja kwa ndege na ninyi mliokuja kwa miguu, mimi ni Tekarara, dada mkubwa wa marehemu, ninasoma nikiwa nimeketi mahali pa baba yangu kwa ruhusa yake, mahali ambapo mwanamke hajawahi kusemea, kwa hiyo mnisamehe sauti ikitetemeka. Mnisamehe pia nikisoma mbio, maana maji ya leo yanajaa saa kumi na tayari yameshafika kwenye mashina ya minazi ya mbele. Tangu jana mnanong'ona, kwa nini hakuna kaburi lililochimbwa kando ya nyumba ya baba, na jibu nitalitoa, lakini kila jambo kwa zamu yake.

Uentabo Baraniko alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1984, hapa hapa Tabonuea, kisiwani Onotoa, mtoto wa tatu wa Mchungaji Baraniko na Mama Tiriata, na alikuwa mwoga tangu utotoni, nasema hivyo kwa upendo, wenzake wakiruka baharini yeye hubaki ufukweni akiwashikia nguo, nao wakimcheka, "Wee Uentabo, bahari haiumi!" huwajibu, "Haijaamua tu."

Alisoma shule ya msingi kijijini hapa kuanzia mwaka 1990 hadi 1997, akaenda sekondari kisiwani Beru mwaka 1998, akamaliza 2002, kisha akasomea uchungaji Tarawa kuanzia 2005 hadi 2008, na mwaka uliofuata akapelekwa kuhudumu Abemama, alikokaa miaka minne na kupendwa sana, ingawa waumini walimtania kwamba mahubiri yake huanza na "labda."

Tarehe 11 Desemba 2010 alifunga ndoa na mwalimu Rutiana, tuliye naye hapa, Mungu akawajalia watoto wawili, Iobi aliyezaliwa 2011 na Meretiana aliyezaliwa 2014, na kama ilivyo desturi yetu watoto hao wamelelewa na babu na bibi yao, katika nyumba ambayo kutoka mlangoni hadi baharini ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu mwenyewe, na nilipokuwa msichana zilikuwa arobaini.

Mwezi Februari 2018, baada ya shahada ya pili, alianza udaktari wa masomo ya Biblia ng'ambo, mjini Suva, na habari aliyochagua ni lile agano la Mungu na Nuhu baada ya gharika, upinde ulipowekwa mawinguni, kwa sababu baba amehubiri upinde huo miaka thelathini na mmoja, kwamba Mungu ameshaahidi, maji hayatatuangamiza tena, na nani abishane na Mungu? Sisi huku tulidhani kusomea udaktari ni kukaa kitini na kunenepa, kumbe ni kuogopa mchana kutwa. Aliogopa Kiebrania, aliogopa barua za ofisi ya uhamiaji, aliogopa ufadhili kukatika, na aliuogopa mlango wa msimamizi wake, Profesa Sela Vaipuna, mama wa Kitonga asiye na maneno mengi, hata hufika pale, akainua mkono agonge, akarudi zake, mpaka siku moja mlango ukafunguka wenyewe na yule mama akasema, "Uentabo, ingia au ondoka, kivuli chako kinanizuia kusoma."

Lakini hofu kubwa aliizaa mwenyewe, nayo ni sura ya nne ya tasnifu. Alianza kuiandika ili kuonyesha kwamba baba anasema kweli, akamaliza miaka miwili baadaye akiwa ameona jambo jingine, kwamba Mungu aliahidi hataiangamiza dunia kwa maji, hakuahidi kwamba maji yaliyochokozwa na wanadamu hayataingia mlangoni mwa mtu, na kwamba Nuhu mwenyewe alisifiwa kwa kuwa alionywa, akaogopa, akajenga. Profesa aliisoma akasema, "Sura hii haina kasoro. Baba yako ameisoma?" Uentabo akajibu, "Baba hajui Kiingereza." Yule mama akamwambia, "Sikuuliza lugha."

Kila sura iliyokamilika aliichapa akaituma nyumbani, baba akaiweka kwenye sanduku la bati pamoja na Biblia yake, na kila aliyepita aliambiwa, "Mwanangu anathibitisha ninayohubiri." Mvua ikinyesha Suva Uentabo hupiga simu kumuuliza mama maji yamefika wapi, na mama, mnamjua, humjibu, "Yamefika kwenye birika, tunakunywa chai," watoto wakicheka nyuma yake.

Jumatatu tarehe 23 Januari 2023, yeye akiwa nyumbani kwa likizo, wakaja watu wa serikali humu humu kwenye nyumba hii ya mkutano, wakasema watatugawia viwanja kule juu, kwenye mwinuko wa katikati ya kisiwa, ili tuyahame maji, na wengi wenu mlikuwepo. Baba alisimama akasema, "Mwanangu huyu hapa nyuma yangu, anasomea udaktari wa habari hii hii. Kama maji yangekuja, si yeye angekuwa wa kwanza kutuambia?" Wazee mkageuka kumtazama. Mnajua kwamba mtoto hasemi kutoka mahali pa ukoo baba yake angali hai, ili aseme angelazimika kumvunjia baba heshima mbele ya kijiji kizima, na mmoja wenu akamtania, "Daktari, mbona jasho, na hiki kivuli chote?" mkacheka, akainamisha kichwa, na kijiji kikakataa viwanja kwa kauli moja. Baadaye alinishika mkono nyuma ya jiko akasema, "Dada, nimeua watu." Nikamwambia, "Acha maneno hayo, hakuna aliyekufa." Akasema, "Bado."

Marehemu alikuwa na kisukari alichokificha, figo zikashindwa, akalazwa Suva tarehe 19 Septemba 2023, na kitandani pale, miguu imevimba, aliiandika upya sura ya nne kwa mkono, kwa lugha yetu, kurasa arobaini na moja. Nilikwenda kumuuguza mwezi Desemba, nilipoondoka akanipa zile kurasa, "Mpe baba. Mimi nikimwona tu usoni, ulimi utakufa." Nilifika hapa tarehe 4 Januari, na leo naungama mbele yenu, nilizificha chini ya mkeka wangu, kwa sababu woga ule tulizaliwa nao tumbo moja. Tarehe 5 Februari alipiga simu, sauti imebaki kidogo, akauliza, "Umempa?" Nikasema, "Nimempa." Akauliza, "Amesemaje?" Nikasema, "Anafikiri." Akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo, na kesho yake, Jumanne saa tatu asubuhi, akafariki dunia.

Mwili ulifika Ijumaa, na siku hizi tatu za kukesha nimekaa kando ya jeneza nikimsomea baba kurasa zote arobaini na moja, maana macho yake hayaoni tena maandishi, nikiogopa kila ukurasa. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa nini hakuniambia?" Mama akamjibu, "Ulimwachia nafasi wapi, mzee?" Leo alfajiri baba alichukua koleo akapanda peke yake mpaka kule kwenye mwinuko, akachimba hadi wajukuu walipomfuata wakamsaidia, na kaburi liko tayari huko. Kwetu mzazi hamwachi mwanawe alale peke yake, palipo kaburi ndipo inapojengwa nyumba, kwa hiyo mmeshaelewa, lakini ameniagiza niwasomee maneno yake kama yalivyo: "Nilisema mwanangu angekuwa wa kwanza kutuambia. Alikuja kutuambia, mimi ndiye niliyekaa mbele yake. Kesho nabomoa nyumba yangu. Anayetaka kunisaidia aje, anayetaka kunifuata aje."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Suva waliompigania miezi mitano, wanafunzi wenzake waliomfulia na kumsomea kwa zamu, majirani waliotupikia siku hizi zote, na Profesa Vaipuna, ambaye pamoja na watahini wenzake alikuwa amsikilize akitetea tasnifu yake leo, tarehe 12 Februari 2024, saa nne asubuhi, nasi tunaomba ihesabiwe kwamba ameitetea.

Vijana, inueni jeneza, maji yanagusa mikeka ya mbele.

Uentabo, mdogo wangu, uliniuliza kama nimempa. Nimempa. Pumzika kwa amani.