Usukani Uliopinda

Fundi cherehani alipopata kiti ndani ya basi, alimkuta jirani yake, dereva wa trekta, amepakata usukani uliopinda. "Kaka, trekta lenyewe liko wapi?" akauliza. "Limelala kilimani, dada. Nililikatisha kwenye mteremko, gurudumu la juu likapanda jiwe, trekta likapinduka."

"Halivuti kwa magurudumu yote manne? La mume wangu linavuta, na anasema hakuna mlima unaolishinda."

"Langu lilivuta vizuri sana," dereva akasema, kama anayemsifia mkwe. "Lilinifikisha mahali ambapo magurudumu mawili yangekataa."

Fundi akamgeukia. Mume wake alikuwa na kilima cha kulima siku hiyohiyo. "Ulipona vipi?"

"Nilikuwa nimefunga mkanda, na ile fremu ya chuma juu ya kiti ikabeba uzito."

"Mume wangu anataka kuing'oa ya kwake. Eti inakwaruza matawi ya miti."

"Matawi huota tena."

"Lakini yeye ni mzoefu, kaka."

"Hata mimi ni mzoefu."

Basi likasimama. Mume alikuwa mlangoni, amenyoosha mkono. "Spana ya kung'olea fremu umeileta?"

Fundi akaukumbatia mkoba wake. "Panda kwanza umsalimie kaka huyu."