Historia ya Mama Hatua, Pamoja na Mwaka Aliofeli

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu na wanafunzi mliofika, ketini vizuri, kwa maana historia hii ilisahihishwa na marehemu mwenyewe, na aliagiza isomwe yote kama alivyoirudisha.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Hatua, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba fundi viatu na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi ya mabasi. Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza sekondari Novemba 1978, akasomea kazi za maabara kwa mwaka mmoja, na tarehe 4 Februari 1980 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara ya fizikia chuo kikuu, ambako kwa miaka kumi na miwili alipanga vifaa kabla wanafunzi hawajaingia, alisafisha lenzi, alifunga vijiwe kwenye nyuzi ili vibembee, na alisikiliza masomo kupitia mlango uliokuwa haufungi sawasawa.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na fundi seremala aliyeitwa kurekebisha mlango huohuo, na ambaye, kwa kukiri kwake shemeji mwenyewe, aliichelewesha kazi wiki tatu kwa makusudi. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1985, ambaye leo ni muuguzi, na wa kiume mwaka 1988, ambaye ni fundi umeme.

Oktoba 1992, akiwa na miaka thelathini na moja, marehemu aliacha kazi na kuingia mlango ule kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fizikia na hisabati, akiitwa Shangazi na vijana waliomshinda kwa kasi, lakini waliomtegemea kujua ni saa ipi ya kupimia muda inayodanganya.

Hapa, ndugu zangu, nakala ya kwanza ya historia hii iliruka moja kwa moja hadi mahafali. Mwezi wa nne mwaka huu, akiwa kitandani hospitalini, marehemu aliomba kuiona, akaisoma kalamu nyekundu mkononi, akaandika pembeni, "Kuna hatua imerukwa." Kwa hiyo tunaisoma.

Tarehe 21 Juni 1993 marehemu alifeli, akapata 23 kati ya mia katika mekanika, yaani somo la mwendo na nguvu, na 38 katika kalkulasi. Hakuwa mvivu. Maswali ya kila wiki yalikuwa marefu kuliko wiki yenyewe, na mhadhiri wa hisabati alikuwa akiandika mstari wa kwanza na wa mwisho, akisema ya katikati ni dhahiri, naye dada akarudi nyumbani kulitafuta hilo dhahiri mpaka sufuria inaungua. Katika mtihani aliulizwa habari za kijiwe kinachobembea kwenye uzi, kitu alichokuwa amekifunga kwa mikono yake mara mia, akasahau alama ya kutoa, na hesabu yake ikaonyesha kijiwe kikienda bila kurudi, kikitoboa paa na kuendelea na safari. Msahihishaji aliandika, "Kimekwenda wapi?" Agosti alirudia mtihani akafeli tena, akapewa barua ya kurudia mwaka, ikisema akishindwa mara nyingine atafukuzwa, na wakati huo nafasi yake maabara ilikuwa imeshapata mtu mwingine.

Mumewe alipiga randa ubao, akaupaka rangi nyeusi, akaupigilia ukutani jikoni. Mwaka mzima marehemu hakufuta kosa hata moja, alilipiga mstari mmoja ili aendelee kuliona, na aliandika kila hatua, hata zile ambazo wenye vichwa vyepesi waliziona za kitoto. Juu ya ubao alitundika kijiwe kwenye uzi, akakisukuma kulia, akatazama uzito ukikirudisha kushoto, akawaita wanawe waione alama ya kutoa. Tarehe 20 Juni 1994 alipata 64 katika mekanika ileile, na tarehe 30 Novemba 1996 alihitimu, daraja la pili la chini.

Kuanzia Januari 1997 hadi alipostaafu tarehe 9 Machi 2021 aliwaongoza wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika mazoezi, na kila Oktoba aliwapitishia kwanza karatasi yake ya alama 23, waishike mmoja mmoja, ndipo aanze. Wengi walioishika wako hapa leo, na baadhi yao sasa ni wahandisi na wahadhiri.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa kwa miezi tisa, na Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, alitutoka, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao alikuwa akiwadai wamweleze kila dozi imepatikanaje nao wakamweleza bila kuchoka, majirani waliopika na kufua kwa zamu, na wenzake wa chuo, ambao hawakukosa kuja kumwona Ijumaa hata moja.

Iko hatua nyingine iliyorukwa, ambayo kalamu yake nyekundu haikuigusa, ingawa aliijua. Agosti 1993, barua ile ikiwa mezani, mdogo wake alimfuata jikoni, akamwambia haya ni mambo ya watoto wenye akili, arudi kupanga vifaa, asiaibishe ukoo, na siku ya mahafali hakuhudhuria, akasema ana safari. Hakuwa na safari. Mdogo wake huyo ni mimi ninayesoma. Miaka kumi na minne baadaye alimfundisha binti yangu mwaka wa kwanza mzima, jioni baada ya jioni, kwenye ubao uleule wa jikoni, wala hakunikumbusha.

Dada, kosa langu nimeliandika, nimelipiga mstari mmoja tu, sikulifuta. Asante kwa kunisubiri nifike hapa. Pumzika kwa amani.