Mama Lenzi na Mawe Yaliyokosa Lebo

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Lenzi anaiaga maabara yetu ya miamba. Jina hilo alilipata kwa lenzi ndogo anayoivaa shingoni kila siku. Aliivaa hata kwenye harusi ya binti yake, na mkufu mpya ukabaki mkobani.

Alianza kwenye mashine ya kukatia mawe, akapanda hadi kuwa mkuu wa utambuzi. Huko kazi ni kutenganisha mawe yanayofanana kama mapacha. Graniti na dioriti zote huwa na madoa meusi na meupe, hivyo yeye hutafuta kwatzi, chembe zinazong'aa kama kioo kilichovunjika. Zikijaa, hiyo ni graniti. Zikikosekana au zikiwa haba, ni dioriti. Na ili chembe zionekane vizuri, hulilamba jiwe. Siku moja mama mkwe wake alipita kumsalimia, akamkuta ulimi nje, jiwe mkononi. Hakuuliza kitu. Alipofika nyumbani aliutangazia ukoo mzima kwamba mkwe ana mimba, na mawifi wakaanza kufuma kofia za mtoto. Mama Lenzi alikuwa na miaka hamsini na mbili!

Mwaka juzi hatukucheka. Paa la ghala lilivuja, lebo zikabanduka, sampuli zote zikawa rundo moja. Meneja akasema mawe yasiyo na majina ni kokoto tu, akaagiza lori la kwenda kuyatupa. Mama Lenzi alilia mbele yetu sote, maana mengi aliyachimbua na marehemu mumewe, aliyekuwa dereva wetu. Kisha akafuta machozi, akaomba muda. Akapewa wiki mbili, kwa sharti kwamba kila jiwe lipate jina.

Alitupanga mezani, kila mtu na bakuli la maji, kwa kuwa moyo wa kulamba hatukuwa nao. Aliyekimbilia rangi alikatizwa papo hapo na kuambiwa atafute madini.

Jiwe moja lilimshinda. Tulimbembeleza abandike jina lolote, lori lilikuwa tayari getini. Alikataa katakata. Akaandika "Sijui", akatia saini. Meneja aliisoma lebo ile, akasema kwamba mtu anayethubutu kuandika hivyo, yeye anamwamini kwa majina mengine yote aliyoyaandika. Lori likarudi tupu.

Mama, asante sana. Kalale mchana, ulambe vitu laini zaidi, na siku zako zote ziwe njema. Mawe uliyochimbua na mzee wako yapo palepale, na sisi tupo.