Mwezi Ambao Hatukumwita Papa Rachidi

Tarehe 30 Juni 2025 Papa Rachidi Amundala anastaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya umeme ya Mwanga Lubunga kwa miaka thelathini na mitatu na miezi mitatu. Aliingia akiwa mtu wa kupaka mashine grisi, anatoka akiwa msimamizi mkuu wa mtandao. Hapo katikati amewachosha wakurugenzi watano, pikipiki mbili na mke mmoja, Mama Mwanahamisi, ambaye amesema ataamini habari hizi akiziona zimepigwa muhuri.

Anayeandika ni Falonne, mhandisi wa ofisi ya programu. Niliomba kazi hii mwenyewe, na mtakaposoma habari za mihogo mtaelewa kwa nini.

Papa Rachidi alitoka Kasongo, Maniema, akimfuata tonton, yaani mjomba wake, aliyeuza chumvi hapa Kisangani. Chumvi haikumvutia. Mwezi Machi 1992 alikuja kwetu, wakati kampuni ilikuwa na jenereta mbili tu na umeme ulitoka saa nne kwa siku, mazuti, yaani dizeli, yakipatikana. Vita vilipotufikia mwaka 2000, alifungua sindano za mafuta za mashine zote mbili, akazifunga ndani ya kitenge cha mkewe na kuondoka nazo kwa baiskeli kuelekea Opala, ili hata anayetaka kuiba jenereta akute chuma kisichofaa kitu. Alirudi baada ya wiki tatu, na mtaa wetu wa Lubunga ukapata umeme siku ile ile. Kitenge hakijatakata mpaka leo, na Mama Mwanahamisi bado anakidai.

Baadaye mambo yalibadilika. Tulipata mtambo mdogo wa umeme wa maji, kisha paneli za jua juu ya mapaa ya watu zaidi ya mia mbili, kisha betri kubwa kwenye chumba cha barafu cha soko la samaki na nyingine, kubwa kuliko zote, kwenye maternité, hospitali ya uzazi. Umeme ukawa unatoka kila upande, na lazima kila saa mtu aamue nani atoe, nani apokee na nani angoje. Mtu huyo alikuwa Papa Rachidi. Alijua kwa kichwa ni mwezi gani mto unapungua na mtambo wa maji unachoka, na ni siku gani kwaya inawasha vipaza sauti vyake vyote kwa pamoja. Akiugua malaria, Lubunga nzima iliugua naye.

Kwa hiyo mwaka 2023 tukaleta programu ya kuongoza mitambo hii yote, tukaiita Mratibu. Wengi walidhani mzee ataichukia. Yeye alivuta kiti, akaitazama skrini siku mbili, kisha akaanza kuisalimia kila asubuhi na kuiuliza imeamkaje. Tulicheka. Lakini Mratibu ilikuwa bado changa, na haikuchukua muda ikatuaibisha.

Kila Jumatatu na Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi, mapaa kumi na moja ya mtaa mmoja yaliacha kutoa umeme, na jioni yakapona yenyewe. Mratibu iliyahesabu kuwa yamekufa, ikaziba pengo kwa kuchota kwenye betri ya maternité. Mama Augustine, mkunga mkuu, akajikuta anazalisha kwa tochi. Alikuja ofisini, akaiweka tochi hiyo juu ya meza ya Mkurugenzi Hilaire na kuondoka zake. Mkurugenzi akatoa masharti. Papa Rachidi yuko karibu kustaafu, alisema, na kampuni haiwezi kuishi ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Mratibu ifanye kazi mwezi mzima bila yeye, na maternité isikose umeme hata dakika moja. Ikishindwa, tunazima kila kitu na kurudi kwenye jenereta, saa nne kwa siku, kama zamani.

Mimi nilikwisha andika ripoti. Kurasa tisa, zenye michoro ya rangi, zikieleza kwamba paneli za mapaa kumi na moja zimeharibika na lazima ziagizwe nyingine kutoka Kinshasa. Papa Rachidi aliisoma yote kwa heshima. Kisha akapanda toleka hadi mtaa ule, akamwambia mwendesha baiskeli amngoje, akaomba ngazi kwenye nyumba ya kwanza na kupanda. Alirudi na kipande cha muhogo mweupe, mkavu, akakiweka juu ya michoro yangu.

“Ma Falonne, panneau haikufa. Iko nakausha mihogo ya watu.”

Akina mama wa mtaa ule walikuwa wamegundua kwamba kioo cha paneli kina joto zuri, hakina kutu kama bati, na mbuzi hawafiki. Jumatatu na Alhamisi ndizo siku ambazo mihogo yao hutoka majini ilikolowekwa. Ripoti yangu ninayo bado. Ninawaonyesha wahandisi wapya ili wajue kupanda ngazi.

Papa Rachidi hakumkemea mtu. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akanywa chai kumi na moja, na kufikia jioni walikuwa wamekubaliana: vichanja vya mianzi vitajengwa uani, na anayezidiwa na mihogo atatumia paa kwa zamu, akitupa taarifa kwanza. Zamu hiyo tukaifundisha Mratibu. Baada ya hapo kila mchana alikaa karibu nami, akafumba macho na kunieleza mtandao wote, nami nikiuandika kama masharti ya programu. Tulipofika kwenye orodha ya watakaokatiwa kwanza umeme ukipungua, aliweka ofisi yetu nambari moja na nyumba yake nambari mbili. Mkurugenzi akataka maelezo, akayapata.

“Bureau iko na madirisha. Maternité iko na bamama benye kuzala.”

Mwezi wa majaribio ulikuwa Mei mwaka huu. Tulimwamuru abaki nyumbani, mwendo wa dakika kumi kutoka hapa, na nakiri niliogopa kuliko siku ya mtihani wangu wa serikali. Siku ya kumi na tisa dhoruba iliangusha mti juu ya waya wa mtambo wa maji, na wingu zito likafunika mapaa yote. Mara mbili nilishika simu nimwite. Mara mbili niliirudisha mezani. Mratibu ilikata ofisi yetu, ikakata nyumba ya Papa Rachidi, kisha baa mbili na ukumbi wa video. Tulikaa tunatoka jasho, feni zimesimama, tukitazama namba ya betri ya maternité. Haikutikisika. Mchana ule Mama Augustine alipokea mapacha chini ya taa inayowaka.

Jioni ya tarehe 31 Mei mzee alitokea mlangoni, amevaa shati lake la swala ya Ijumaa, simu mkononi.

“Mwezi muzima hamukuniita. Nilifikiri telefone yangu ilikufa.”

Nilimwonyesha skrini: siku thelathini na moja, maternité haijakosa umeme hata dakika moja. Aliisoma siku moja moja. Kisha Papa Rachidi Amundala, ambaye hatukuwahi kumwona akilia hata vitani, alilia mbele yetu sote, nasi tukalia naye, Mkurugenzi akiwa wa kwanza kutafuta kitambaa.

Papa, asante kwa miaka yote, na asante kwa kutufundisha tuweze bila wewe. Mungu akupe afya, usingizi mrefu na chai isiyokatishwa, wewe na Mama Mwanahamisi. Simu yako ni nzima. Siku ya Idi utaisikia inalia. Usikimbilie viatu vya kazi. Tutakuwa tunakusalimu tu.