Mshono Ambao Marehemu Hakuukagua

Marehemu baba yetu hakuwahi kukutana na uzi akauacha upite hivi hivi. Aliushika kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, akauviringisha kuelekea kwake, akautazama. Ukijikaza, aliukubali. Ukifumuka, aliutupa, kwa sababu uzi uliosokotwa kinyume huchanuka ndani ya cherehani na mshono huanza kuruka. Alifanya hivyo dukani na kazini, na alifanya hivyo pia mahali ambapo hakuna aliyemwomba: kwenye kifungo cha shati la mgeni, kwenye pindo la shuka la hospitali, kwenye gauni langu la mahafali nikiwa nimesimama nangoja kupigwa picha. Kabla ya kuushika alisema maneno mawili tu, "Hebu tuone," na mtaa ukamwita Hebu Tuone. Barua zilimfikia kwa jina hilo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa kwanza wa mlinzi wa ghala la reli na mshona magunia. Nyumba yao ya vyumba viwili ilipakana na kiwanda cha ngozi, na alisema alijua harufu ya ngozi mbichi kabla hajajua jina lake. Mdogo wake wa pekee, ambaye sisi tunamwita Baba Mdogo na ambaye ameketi nasi hapa leo, alizaliwa miaka minne baadaye. Bibi alipenda kutusimulia kwamba marehemu alipoonyeshwa kichanga hicho alikizunguka mara mbili, akauliza, "Mna hakika ni wetu?"

Alisoma shule ya msingi karibu na stesheni kuanzia 1957 hadi 1964. Akiwa darasa la sita alisimamishwa siku mbili kwa kosa la kufumua mpira wa ngozi wa shule. "Nani alikutuma?" mwalimu wa michezo alimuuliza. Akajibu, "Mwalimu ulisema ndani kuna hewa. Nilitaka kuhakikisha." Aliporudi aliushona mwenyewe, kipande kwa kipande, na mwalimu yule aliupiga mpira huo mwaka mzima bila kuona ulipofumuliwa. Mwaka 1966 aliingia chuo cha ufundi, akahitimu ushonaji wa ngozi mwishoni mwa 1967.

Kuanzia 1968 alifanya kazi katika kiwanda cha viatu, kwanza mashineni, halafu akawa fundi wa kutengeneza cherehani zinapogoma. Huko ndiko alikojiwekea utaratibu ambao wengi wenu mliojifunza kwake mnaujua kwa moyo: shuku sindano kwanza, uzi pili, njia ya uzi tatu, bobini ya uzi wa chini nne, na bisibisi uishike mwisho, mikono ikiwa imekwisha kutulia. Sindano ya nguo haikuruhusiwa kugusa ngozi. Ya ngozi ina ncha yenye makali, hukata njia yake. Ya nguo husukuma tu, ikapinda, ikavunjika. Na alikuwa na msemo kuhusu vitanzi vinavyojaa chini ya kazi, ambavyo wanafunzi hukimbilia kulaumu bobini: "Fundo likiwa chini, kosa litafute juu."

Mama alikutana naye mwaka 1977 alipompelekea mkoba uliokatika mpini. Aliugeuza, akaupekua, akauliza nani aliushona, lini, kwa uzi wa wapi, na kwa nini haukuletwa mapema. Mama akamwambia, "Kaka, nimekuja kutengeneza mkoba. Sijaja kutoa ushahidi." Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1978, wakajaliwa watoto watatu. Mama anasema kwa miaka arobaini na mitano hakula chakula chake bila kukitazama kwanza, na hakuacha chochote kwenye sahani.

Mwaka 1981 aliacha kiwanda, akafungua karakana pamoja na Baba Mdogo katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara. Kutafuta cherehani kuliwachukua miezi minne. Muuzaji mmoja aliwasifia yake: "Kaka zangu, hii inashona kila kitu, hariri mpaka ngozi ya kifaru." Marehemu akamjibu, "Kinachoshona kila kitu hakina kinachokijua," akatoka. Aliyoichukua hatimaye ilikuwa kuukuu, nzito, yenye mguu unaonyanyuka na kupiga hatua pamoja na sindano, ili ngozi ya juu isiburutwe ikaachwa nyuma na ya chini. Alikuwa amebeba vipande vyake vya ngozi, vya unene wa aina tatu, akazungusha gurudumu kwa mkono saa nzima huku ameinamisha sikio. Muuzaji aliondoka akaenda kula, akarudi akamkuta bado.

Kwa miaka kumi na miwili ndugu hao walifanya kazi bega kwa bega. Mkubwa alikata na kushona. Mdogo alinunua vifaa na kuongea na wateja, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, mmoja wao ilibidi atabasamu.

Sasa nafika mahali ambapo marehemu aliniagiza nisipapite haraka.

Mapema mwaka 1993 walipata kazi ya kushona mikoba mia mbili ya wapeleka barua. Baba Mdogo alileta uzi mpya wa nailoni kutoka kwa muuzaji wasiyemzoea. Marehemu aliuviringisha, ukajikaza. Aliuvuta, ukashika. Alichoma ncha kwa kiberiti, ikayeyuka kama nailoni inavyopaswa. Uzi ulipita kila mtihani, na bado hakuuamini. Bila kumwambia mtu, aligeuza kile kirungu kinachopanga urefu wa mshono, akashona matundu kumi na mawili kwa inchi badala ya sita, ili uzi ukikatika hapa, pale ushike.

Miezi mitatu baadaye mikanda ya mabegani ilianza kuachia. Mikoba ilirudishwa katika magunia. Hakufungua gunia hata moja. Mama alimwambia, "Si uitazame kwanza?" Akasema, "Sina haja ya kutazama ninachokijua." Ilikuwa mara ya pekee katika maisha yake, kwa kadiri tunavyojua sisi, kwamba aliletewa kitu asiseme hebu tuone.

Jumamosi ya tarehe 4 Septemba 1993, katika mkutano wa chama cha mafundi, alisimama mbele ya watu wapatao sitini akasema ndugu yake alimwonyesha uzi mmoja wa kukagua na kumwekea mwingine wa kushonea. Baba Mdogo alisema neno moja, "Kaka," akatoka. Alihamia kibanda cha ng'ambo ya barabara. Fundi aliyetajwa kuwa mdanganyifu na ndugu yake wa damu hapewi mkoba wa mtu kushona. Kwa miaka thelathini alitengeneza miavuli na zipu, akitazamana na karakana aliyoijenga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilijifunza kumwangalia kwa macho ya baba yangu, nikatafuta hila hata katika salamu zake. Alipotupatia peremende tulizinusa kwanza.

Marehemu alianza kuugua kifua Mei 2022. Hospitalini aliwatilia shaka wote sawasawa, bila kumwonea yeyote. Agosti 2023 alipasuliwa ubavuni, na kesho yake alimuuliza daktari ametumia uzi gani.

"Huu unayeyuka wenyewe, mzee."

"Unayeyuka! Na mnawashonea watu?"

"Ukiyeyuka, wewe utakuwa umeshaungana."

"Hebu tuone," akasema, na daktari akalazimika kumfunulia kidonda.

Alirudishwa nyumbani Septemba. Hakuweza kushona tena, lakini alitaka kukaa mlangoni mwa karakana, nami nilikaa naye. Alhamisi, tarehe 12 Oktoba, mpeleka barua mstaafu alileta mkoba wake wa mwaka ule wa 1993, mkanda umefungwa kwa waya. Alitaka autengeneze ili abebee karatasi za pensheni. "Ulinishonea wewe mwenyewe, fundi," alisema. "Ulikatika mapema, lakini sikuurudisha. Niliupenda."

"Hebu tuone."

Aliukagua kwa lenzi muda mrefu. Kisha alikamata ncha ya uzi akaivuta, na uzi ukatoka mzima, mrefu kuliko mkono wangu. Aliuviringisha. Ukajikaza. Akauzungushia viganja akavuta mpaka ukamkata kidole, haukukatika. Akaniambia nilete rula, nihesabu matundu.

"Kumi na mawili."

"Hesabu tena."

"Ni kumi na mawili, Baba."

Ngozi ndiyo iliyochanika, kwenye mstari wa matundu, kama stempu zinavyochanwa kutoka kwenye karatasi yake. Matundu yalikaribiana mno, na sindano ile yenye makali ilikuwa imemaliza kukata kabla mkoba haujabeba barua hata moja. Aliiweka lenzi chini. Kisha akasema, "Uzi haukukatika. Ni mimi. Mpelekee baba yako mdogo."

Nilivuka barabara na mkoba.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Amekutuma kuchungulia nini?"

Nilimpa. Hakuupokea, alinitaka niuweke juu ya meza, kana kwamba ungeweza kulipuka. Alipousoma mshono, na mafundi mnajua kwamba mshono husomwa, aliuweka chini mwavuli aliokuwa ameushika. "Yeye ndiye aliyenifundisha," akasema. "Fundo likiwa chini, kosa litafute juu." Halafu akauliza, "Nani mwingine ameuona?"

"Sisi, na mzee wa barua."

"Mimi nilisemwa mbele ya watu sitini, mwanangu. Wanne hawanitoshi."

Nilipeleka jibu hilo. Marehemu alisema ni haki yake, na akaamua kusimama mwenyewe kwenye mkutano wa mafundi wa Januari. Tarehe 2 Januari alirudishwa hospitalini, hakutoka tena.

Baba Mdogo alikwenda kumwona Jumamosi ya tarehe 20, baada ya kuniuliza mara tatu kama kweli ameitwa. Hakukuwa na machozi. Alitoa mfukoni kibunda kipya cha uzi, akakiweka kitandani. "Nimekuletea. Kagua." Marehemu alivuta ncha, akaiviringisha kwa vidole ambavyo havikuwa na nguvu ya kushika kikombe.

"Bado tu, kaka?"

"Mkono umezoea."

"Afadhali. Ungeuacha, ningejua unakufa."

Walicheka mpaka marehemu akashindwa kupumua na muuguzi akaja kutukaripia. Lakini Baba Mdogo alipoondoka, aliniambia koridoni, "Kucheka ni kucheka. Sitini ni sitini."

Kwa hiyo marehemu alinitamkia maneno, nikayaandika, na nayasoma mbele yenu kama yalivyo, kwa kuwa mafundi mlioko hapa leo mmezidi sitini, nimewahesabu mkiingia:

"Mwaka 1993 nilimwita ndugu yangu mdanganyifu. Hakudanganya. Uzi alioununua ulikuwa mzuri. Mikanda ilichanika kwa sababu nilishona matundu kumi na mawili kwa inchi, kwa kutoamini, na sikumwambia. Mikoba iliporudi sikuitazama. Mkoba mmoja upo. Msimwamini binti yangu kwa sababu analia, wala mimi kwa sababu nimekufa. Utazameni."

Mkoba uko juu ya meza ile pale mbele, pamoja na lenzi na rula.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa moja na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na ndugu mmoja, ambaye ndiye aliyeshona mito ya ngozi iliyo chini ya kichwa na miguu yake, kwa cherehani ile ile, matundu sita kwa inchi. Baba apumzike sasa, na wengine tukague kwa niaba yake.

Nilimwona kwa mara ya mwisho Jumatatu jioni, saa ya kutembelea wagonjwa ilipokuwa inaisha. Aliiomba karatasi hii ya maneno yake, akaishika karibu na macho, akapitisha kidole kwenye kila mstari kutafuta nilipopunguza. Hakupata. Akanirudishia, lakini hakuiachia upande wake.

"Utaisoma yote? Hutaruka?"

"Nitaisoma yote, Baba."

Alinitazama kama alivyokuwa akitazama kila kitu, akaiachia.

"Hebu tuone," akasema.