Redio Isiyokoroma

Benchi la nje ya kibanda cha Antena lina miguu mitatu na tofali, na anayekaa upande wa tofali akipandisha hasira tu, anateleza. Asubuhi hiyo upande huo alikaa Antena mwenyewe, fundi redio kijana aliyeacha shule mapema na mpaka leo hajaona kulimkosesha nini. Mapajani alipakata redio mpya ya kidijitali, ndogo kama kipande cha sabuni. Kando ya birika, redio kuukuu ya Mama Kahawa, iliyofungwa kwa mpira, ilikuwa inakoroma. Zote mbili zilikuwa kwenye idhaa ya bwawa, ile isiyopiga muziki wala porojo: kimya mpaka kuwe na tangazo. Mlimani, mto unakoanzia, mawingu yalikuwa meusi tangu alfajiri. Antena aliyatazama kwa kuibia.

— Mwaka hauishi, alitangaza, kila mwenye redio mfukoni atakuwa na hii. Sikilizeni!

— Sisikii kitu, alisema Wembe, kinyozi wa jirani.

— Ndiyo uzuri wake! Kimya safi. Ya Mama Kahawa inakoroma kama mzee kashiba.

— Iache ikorome, mwanangu, alisema Mama Kahawa akimimina. Nikiisikia najua iko hai.

— Watu wanasikilizia simu, bwana, Wembe alishikilia. Hiyo yako inakula betri kama ndama anyonyaye.

— Simu inakula bando. Hii ni bure!

— Bure? aliruka Bima, mtu anayeogopa hata kivuli cha mwavuli wake. Basi nayo inakusikiliza! Ukilala, huko studio wanahesabu pumzi zako.

— Zako watahesabu nini, Bima? alidakia Antena. Umezizuia tangu uzaliwe.

— Cheka tu. Itajua umekufa kabla mkeo hajajua.

— Heri, alisema Wembe. Angalau mtu atatangaza.

Antena alicheka kuliko wote, lakini macho yalirudi mawinguni. Juzi alikuwa amempa shangazi yake, aliyemlea, redio kama hii, na ile yake ya zamani akaifungua kutoa vipuri. Shangazi anachimba mchanga chini mtoni, katikati ya kingo zilizosimama kama kuta, na wenzake husikilizia redio yake. Huko wachimbaji wanaishi kwa sheria moja: lisipotoka tangazo la bwawa, chimba.

Na Antena aliijaribu redio juu ya paa. Mtoni hakushuka.

Redio kuukuu ikakwaruza. "Malango ya bwawa... yatafunguliwa saa nne kamili... waliomo mtoni watoke..." Redio mpya ikarudia maneno yale yale, pumzi moja nyuma, bila doa.

— Imechelewa! alipiga kelele Bima.

— Sekunde mbili tu, mwoga wewe! Shangazi kashasikia. Tena kasikia safi!

Hakuna aliyemuuliza kuhusu shangazi.

Lori la mchanga likasimama. Akashuka dereva, mgeni kijiweni pale, akaagiza kahawa.

— Antena ndiye nani? Shangazi yako kanipakilia sasa hivi. Anakusifu! Anasema ya zamani ilikuwa inakoroma kutwa, hii imetulia tuli. Tangu asubuhi haijatoa hata chafya.

— Hebu mnieleze, dereva aliendelea, akipuliza kahawa. Hii isiyokoroma ikinyamaza, mtu anajuaje kama hakuna tangazo, au hakuna redio?

Wembe alimtazama Bima. Bima alitazama mawingu. Antena aliitazama redio mapajani.

— Saa tatu na dakika arobaini, alisema Mama Kahawa. Mpigie.

— Simu anaiacha nyumbani. Anaogopa itaingia maji.

Benchi likayumba, kahawa ikamwagika, na Antena alikuwa tayari ndani ya lori. Dereva aliacha kikombe chake kimejaa.

Barabara iliinama kuelekea mtoni. Antena alibana redio sikioni, na tangazo likarudiwa, safi mno:

"Wote waliomo mto..."

Basi. Hakuna mkwaruzo, hakuna mkoromo. Aliitikisa, akaipiga kofi, akaigeuza. Kimya kile kile alichokisifu.

Akaitupa kitini, akatoa kichwa dirishani, akaanza kutangaza mwenyewe kabla hata mto haujaonekana, sauti ikimkwaruza kooni:

— Shangazi! Tokeni! Shangaziii!